Hai ya Mtaa, Hai ya Mboga

Mjini Juba mtaa huitwa hai: Hai Malakal, Hai Jalaba, na huu wetu, Hai Cinema. Neno ni la Kiarabu, na ni lilelile lililovuka bahari zamani likaingia Kiswahili kwa maana yake ya pili, chenye uhai. Kwa Kiarabu tahajia ni moja tu, mahali watu wanapokaa na kiumbe kinachopumua. Ndiyo maana Mwalimu, Mtanzania aliyekuja huku kufundisha Kiswahili, hakukubali niseme kwamba nimeshindwa na bustani. Alisema nimeshindwa na kilimo hai nikiwa ndani ya hai, na kwamba hiyo ni aibu ya sarufi kabla ya kuwa aibu ya jembe.

Nilichoshindwa nacho ni sukuma wiki. Niliipanda Machi, mwezi ambao jua la Juba halina huruma, nyuma ya nyumba ninayopanga. Tuta la mita mbili kwa tano. Nilimwagilia maji ya kununua, na sikutia dawa yoyote kwa sababu nilitaka mboga safi. Wiki ya tatu vidukari walikuwa wamefunika majani kwa chini kama unga wa kijivu. Wiki ya tano mbuzi wa jirani akaja kumalizia, na kusema kweli nilimshukuru.

Jioni moja ya Juni, mvua ikiwa imepita, niliileta habari hiyo kwenye viti vya plastiki chini ya mwarobaini, pale kwa mama wa chai. Dereva alikuwepo, ni mtu wa Busia, upande wa Uganda, na gari lake huleta nyanya na vitunguu kupitia mpaka wa Elegu. Muuguzi alizaliwa huku akakulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili chake ni cha huko, chenye haraka. Habuba ni wa kabila la Bari, ana umri ambao hatuulizi. Husema Kiarabu cha Juba na Muuguzi humtafsiria, mara nyingine kwa ziada. Habuba maana yake bibi. Wakenya wangemwita nyanya, lakini mbele ya Dereva neno hilo lingechafua mjadala mzima.

Majina yao nayaacha. Maneno nimeyapanga mimi, maana barazani watu hawangojani.

DEREVA: Mimi sioni tunalia nini. Sokoni Konyokonyo nyanya zipo, kabichi zipo, vitunguu vipo. Nimule mpakani hadi hapa ni kilomita 192, lami tangu 2012. Mtu mwenye mshahara anunue mboga, aache kusumbua udongo. Mkulima alime, dereva alete, mwandishi aandike.

MUUGUZI: Barabara ipo siku ikiwepo, kaka. Mwaka 2021 si nyinyi wenyewe mliegesha magari Elegu mkagoma, wenzenu wamepigwa risasi njiani?

DEREVA: Hatukugoma kwa kupenda, dada.

MUUGUZI: Sijasema kwa kupenda. Nasema sufuria yangu haijui mgomo ni nini. Na Julai 2016 je? Siku nne za bunduki hapa mjini, maduka yakaporwa, hata ghala la WFP likabebwa, zaidi ya tani 4,500. Siku kama zile mboga ni ile iliyo ndani ya ua wako. Kama hakuna, hakuna.

MWALIMU: Tena hata siku za amani, ndugu yangu, hizo nyanya zako zinakuja na vumbi jeupe. Nimeliona. Ile ni mankozebu, dawa ya ukungu. Umoja wa Ulaya uliamua Desemba 2020 kutoirudishia leseni, kwa sababu za kiafya. Huku tunaifuta kwa kanga, tunakata kachumbari.

DEREVA: Sasa Mwalimu, wewe unataka mkulima afanye nini? Kuna yule mdudu wa nyanya. Kwenu mnamwitaje?

MWALIMU: Kantangaze.

Hapa ilibidi tusimame kidogo, maana Muuguzi alitaka kujua jina hilo limetoka wapi. Mdudu mwenyewe ni nondo mdogo kutoka Amerika ya Kusini, jina lake la kitaalamu lililozoeleka *Tuta absoluta*, naye alithibitishwa Tanzania mwaka 2014. Viwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda. Shamba lililokuwa kijani Jumatatu huonekana limeungua wiki inayofuata. Nalisikia jina hilo kama amri: nenda kanitangaze, waambie watu nimefilisika. Kwamba jina la kitaalamu lina neno tuta ndani yake ni dhihaka ambayo hakuna mtu aliyeikusudia.

DEREVA: Basi. Mkulima akiacha kupulizia, kantangaze anamtangaza. Mimi nabeba tenga tupu. Halafu wewe, mwenye kilimo hai, unakula nini?

MUUGUZI: Kwani nyanya ni lazima?

Swali hilo lilipita bila jibu, lakini nililiandika. Tunabishana juu ya dawa za mboga fulani kana kwamba mboga ile ilishushwa pamoja na sisi. Nyanya, kabichi, sukuma wiki: zote tatu zilikuja kama wageni, na zote zinadai malezi ya wageni. Nitarudi hapo.

MWALIMU: Jumuiya ya Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai tangu 2007, EAS 456, na nembo yake inaitwa Kilimohai, neno moja. Hakuna mbolea ya viwandani, hakuna viuatilifu vya kutengenezwa. Sudan Kusini imeingia Jumuiya 2016, kwa hiyo kiwango hiki ni chenu pia. Na si lazima umlipe mkaguzi wa kutoka Ulaya. Wakulima wa kikundi wanaweza kukaguana wenyewe kwa wenyewe.

MUUGUZI: Huku mkaguzi ni Habuba. Akiona jani lako amejua kila kitu.

HABUBA: (kupitia Muuguzi) Hiyo nembo inaliwa na asida?

Tulicheka, asida ikiwa ndiyo ugali wa huku, ila Mwalimu alikuwa na haki ya kuudhika kidogo. Kiwango si upuuzi. Tatizo ni kwamba kiliandikwa kwa mtu anayeweza kuchagua kati ya dawa na kutotia dawa. Nyua nyingi za hapa hazina dawa kwa sababu hakuna aliyekuwa na pesa ya kuinunua. Ukiwaambia wanalima kilimo hai watakushangaa, kama mtu anayeambiwa anatembea kwa miguu kwa ajili ya afya.

MUUGUZI: Na mimi nisikike. Neno hai lisitudanganye. Sumukuvu ni nini? Ni sumu ya kuvu, na kuvu ni kitu hai kabisa, hakuna kiwanda kilichoitengeneza, na inaua ini. Mwaka 2023 serikali yetu ilizuia malori ya mahindi na unga kutoka Uganda kwa sababu yake. Kaka hapa anajua.

DEREVA: Najua. Tuliegesha mpaka tukasahau wake zetu.

MUUGUZI: Haya. Sasa mtu ananiambia mboga yake ni safi kwa kuwa ametia samadi tu. Samadi ya lini? Ukichukua kinyesi cha mbuzi leo ukakitia kwenye jirjir, ile mboga ya saladi, kesho, halafu ukaila mbichi na limau, utanikuta mimi zamu ya usiku. Mei 2014 kipindupindu kilitangazwa hapahapa Juba. Oktoba 2024 kikatangazwa tena nchini, safari hii kikianzia Renk, na hakikuiacha Juba. Maji ya boza yanatoka mtoni. Ukinyunyizia jani lile maji, ukalila bila kulipika, umekunywa mto.

MWALIMU: Ndiyo maana mboji huachwa ikapata moto. Ukiirundika vizuri, majani makavu, maganda, samadi, ikaloa kiasi, katikati inakuwa ya moto huwezi kuweka mkono. Inageuzwa, inaachwa miezi. Samadi mbichi ni uvivu, dada, si kilimo hai.

MUUGUZI: Miezi mingapi?

MWALIMU: Mitatu. Minne ni bora.

Habuba alitaka kujua tunahesabu miezi ya nini. Alipotafsiriwa, alitikisa kichwa akanitazama mimi, akanyamaza. Sikumwelewa wakati ule.

DEREVA: Mnasema mbolea, mnasema kuvu. Hamjasema maji. Huyu bwana alimwagilia Machi. Alimwagilia kwa nini hasa, kwa dhahabu?

Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli, na Mwalimu akachukua kijiti akaandika hesabu kwenye udongo uliolowa. Kiangazi cha hapa, mita moja ya mraba ya mboga hutaka kama lita tano kwa siku. Tuta langu lilikuwa mita kumi za mraba. Lita hamsini, yaani madumu mawili na nusu, kila siku. Pipa la lita 200 linakwisha kwa siku nne. Kwa mwezi ni mapipa saba na nusu, yote ya kununua kwa mwenye boza, kwa ajili ya majani ambayo mbuzi aliyamaliza asubuhi moja.

Kisha akafuta, akaandika upande wa pili. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Juba hupata karibu milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi kati ya Aprili na Oktoba. Tuta lilelile hupewa bure lita elfu kumi kasoro kidogo, karibu mapipa hamsini. Na paa la mabati la mita thelathini za mraba, mvua moja nzuri ya milimita ishirini, hutoa mapipa matatu ukiwa na mfereji na mahali pa kuyaweka.

DEREVA: Kwa hiyo kosa lake si kutotia dawa.

MWALIMU: Kosa lake ni kalenda.

MUUGUZI: Na mapipa yenyewe yafunikwe, tafadhali. Mnavuna maji, mbu wanawavuna nyinyi.

Muuguzi ndiye aliyekuwa na jibu la kiangazi, na alilitoa bila kujisifu kwa sababu kwake si jambo la kusifia. Kakuma ni jangwa la Turkana na maji ya foleni. Watu kule walifundishwa kulima kwenye magunia: unachukua kopo lisilo na mdomo wala kitako, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza kokoto, pembeni unajaza udongo na mboji, unalivuta kopo juu kidogo, unajaza tena, hadi gunia linajaa likiwa na nguzo ya mawe ndani yake. Unatoboa matundu ubavuni, unachomeka miche. Maji unayamwaga juu ya mawe, yanashuka polepole na kusambaa. Kibera nao walipewa magunia kama hayo na shirika moja la Kifaransa baada ya machafuko ya uchaguzi wa Desemba 2007, wakati barabara zilipofungwa na sukuma ikawa kitu cha kuota. Gunia moja linachukua mahali pa kiti.

MUUGUZI: Mama yangu maji ya kwanza ya vyombo, yale ya mafuta, alimwaga mbali. Ya kusuuza ndiyo ya gunia. Hatukuwahi kusema kilimo hai. Tulisema gunia.

DEREVA: Lakini hapa mjini udongo utaupata wapi? Nimeona watu wanachota pale wanapochomea takataka, eti ni mweusi, una rutuba. Una betri pale! Una chupa za plastiki zilizoyeyuka!

Nilishangaa hoja hii kutoka kwake, lakini Dereva ameona miji mingi. Mwalimu akamuunga mkono na mfano wa kwao: mwaka 1999 watafiti wawili wa Dar es Salaam walichapisha matokeo ya vipimo vya mchicha na mboga nyingine zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi, wakakuta madini mazito ndani ya majani, risasi ikiwemo. Wakulima wale hawakuhitaji kutia dawa yoyote. Mto wenyewe uliwaletea viwanda hadi kwenye mizizi. Mboga ilikuwa ya nyumbani, mbichi, ya kijani, na mnunuzi aliiona ikichumwa. Tangu nisikie hivyo, neno "asili" nalishika kwa vidole viwili.

HABUBA: Udongo mzuri ni wa kisiwani, Gondokoro. Mto ukipanda unaacha tope. Hapa mjini ni changarawe na mifuko.

MUUGUZI: Habuba anasema pia kwamba mama yake alifagia ua mpaka ukang'aa kama sahani, kwa sababu ya nyoka. Ukipanda majani mpaka mlangoni umewaita. Kwa hiyo bustani iwe mbali na ukuta, na chini yake pasafishwe. Hiyo ni yangu kidogo, lakini yeye anakubali.

Habuba alikubali kwa kichwa, ingawa sidhani alijua amekubali nini.

Ndipo tukaingia kwenye kiini, nacho kililetwa na dawa. Nilisema, haya, kama ni wadudu, tumekaa chini ya dawa yenyewe. Juba imejaa miarobaini. Mwalimu alinipa kipimo: nusu kilo ya mbegu kavu zilizotwangwa, lita kumi za maji, zilale usiku mmoja, uchuje, utie sabuni kidogo ili ishike, upulizie jioni kwa sababu jua huiharibu. Haiui papo hapo. Mdudu hupoteza hamu ya kula na hakui.

HABUBA: Sisi tulitumia majivu. Wamundari kule Terekeka wanachoma samadi ya ng'ombe, wanajipaka majivu yake wao na ng'ombe wao, wadudu wanawaacha. Jani nalo ni ngozi.

DEREVA: Majivu kwa sukuma wiki?

HABUBA: Kwa nini sukuma wiki? Nani alikwambia ni sukuma wiki?

Na hapo Muuguzi hakuongeza kitu, alitafsiri kama ilivyo. Habuba alisema kuna kudra. Ndiyo mlenda wa Watanzania, mrenda wa Waluhya, molokhia ya Wamisri. Joto ndilo linaloipendeza. Mvua ya kwanza ikidondoka huota hata pale ambapo hukuiweka. Wiki nne, tano, unaanza kuchuma. Ikiumwa na wadudu unaona matundu, lakini haifi, na matundu hayana ladha. Unaipika na siagi ya karanga, unaila na asida. Kuna bamia, ndugu yake. Kuna mchicha, ambao huku watu huuita dodo kwa mdomo wa Waganda. Hizo, alisema, hazijawahi kumwomba mtu dawa.

DEREVA: Habuba, mimi kudra nakula. Lakini mteja wa hoteli anataka nyanya na kabichi.

HABUBA: Mteja wa hoteli alime hotelini.

Nadhani hapo Dereva alishindwa kwa haki, ingawa hakukiri. Hoja yake yote ilisimama juu ya mboga zinazohitaji barabara. Ukibadilisha mboga, barabara inabaki na vitunguu, navyo vinasafiri vizuri. Lakini sitaki kumpa Habuba ushindi wa bure pia: kudra peke yake mwezi wa pili haikui bila maji, na mtu wa mshahara mdogo hana ua, ana mlango tu. Nyumba ninayopanga ina ua kwa bahati. Wengi wa mtaa huu wana chumba.

MWALIMU: Basi tukubaliane angalau na miembe. Mti mmoja ni bustani ya miaka hamsini. Hautaki boza, hautaki gunia.

Muuguzi alitafsiri, na Habuba akajibu kwa kirefu, mara mbili akionyesha upande wa mto.

MUUGUZI: Anasema miembe ya hapa ilipandwa na watu waliojua watazikwa wapi. Yeye ametoka Juba mara tatu katika maisha yake, na mara zote tatu aliacha kitu ardhini. Mara moja mihogo. Mihogo inataka mwaka. Aliporudi ilikuwa imeliwa na watu asiowajua, na alisema vema, angalau waliila. Tangu wakati ule anapanda kwa kuhesabu.

DEREVA: Kuhesabu nini?

Habuba hakumjibu Dereva. Alinigeukia mimi, na swali lake lilikuwa jepesi kiasi kwamba nilielewa kabla ya tafsiri.

Aliuliza kodi nimelipa hadi mwezi gani.

Nikamwambia: hadi mwisho wa Agosti. Mwenye nyumba bado hajasema kama ataniongezea muda.

Alihesabu kwa vidole, akianza na kidole gumba, akipita juu ya pingili badala ya ncha. Boza la maji lilikuwa linarudi nyuma kuingia kichochoroni, kijana akipiga bodi kwa kiganja kumwongoza dereva wake, na ilibidi Habuba apaze sauti.

"Kudra mara mbili," alisema. "Bamia mara moja. Mbegu njoo uchukue kwangu kesho. Pilipili usijisumbue."